UZI: Utafiti wa tiba ya kuchochea ubongo kwa sumaku (TMS): kizingiti, koili, tiba bandia, na mahali majaribio yanapoharibika

KizingitiSahihi (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Kila uzi wa tiba ya sonona kwa sumaku unaishia kwenye ubishi wa "inatibu" na "haitibu". Huu naomba tuuendeshe kwa namna nyingine. Tuzungumzie jinsi jaribio la kitabibu la TMS linavyofanywa kwa mikono, kipimo kwa kipimo. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: namba inayosomeka kwenye skrini ya mashine si dozi. Dozi ni kile kinachoufikia ubongo, na majaribio mengi huharibika hata kabla pigo la kwanza la tiba halijatolewa.

Kwa aliyeingia mgeni: kapasita (kifaa cha kuhifadhi umeme) humwaga umeme mkubwa ndani ya koili (waya uliozungushwa, unaowekwa kichwani) kwa muda usiofika milisekunde 1. Uga wa sumaku unapanda hadi karibu Tesla 1.5 au 2 kisha unaanguka, na mabadiliko hayo ndiyo yanayozaa umeme ndani ya gamba la ubongo, kwa kanuni ileile aliyoionesha Faraday mwaka 1831. Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, ndio waliochochea ubongo wa binadamu kwa njia hii mwaka 1985. Marekani iliruhusu kifaa cha kwanza cha kutibu sonona mwaka 2008. Koili ya umbo la nane inafika sentimita 2 hadi 3 tu kutoka juu ya kichwa, kwa hiyo anayedhani anachochea kiini cha ubongo moja kwa moja ajue anachochea gamba. Sehemu za ndani hufikiwa kupitia mtandao wa neva uliounganishwa na gamba hilo.

Sasa kizingiti. Hiki ni kiwango cha chini kabisa cha nguvu kinachofanya msuli wa mkono uitike. Mgonjwa anakaa, mkono umelegea juu ya mto, elektrodi za EMG (kipimo cha umeme wa msuli) ziko kwenye msuli wa kidole gumba au ule wa kati ya gumba na shahada. Koili inawekwa upande wa pili wa kichwa (kushoto kwa mkono wa kulia), mshikio umeelekea nyuma na pembeni, nyuzi 45 kutoka mstari wa kati. Anza na asilimia 40 hadi 50 ya nguvu ya mashine, sogeza koili nusu sentimita hadi sentimita 1 kwa wakati mmoja, ukiacha angalau sekunde 5 kati ya pigo na pigo. Ukishapata mahali msuli unapoitika kwa nguvu kuliko kwingine, weka alama kwenye kofia. Hapo ndipo unaanza kushusha nguvu. Kizingiti ni nguvu ya chini inayotoa mwitikio wa mikrovolti 50 au zaidi katika mapigo 5 kati ya 10.

Makosa ni mawili na yanavuta pande tofauti. Mgonjwa akiwa amekaza mkono bila kujua, msuli unaitika mapema, kizingiti kinasomeka chini, na jaribio zima linatoa dozi hafifu. Ukiwa na haraka ukakubali mahali ambapo si penyewe, kizingiti kinasomeka juu na mgonjwa anapewa zaidi ya ilivyokusudiwa. Hilo la pili ndilo la hatari.

---

Fundi_Koili

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze la kupima kwa macho. Vituo vingi havina EMG, wanatazama tu kidole kikiruka. Inakubalika kwenye tiba ya kawaida, ila kizingiti cha macho huwa juu kuliko cha EMG, kwa sababu msuli huitika kabla kidole hakijaonekana kusogea. Tiba ikitolewa kwa asilimia 120 ya kizingiti kilichokwisha kupanda, kosa linazidishwa. Na kwenye utafiti wa vituo kadhaa, kimoja kikitumia EMG na kingine macho, mna dozi mbili tofauti zenye jina moja. Chagueni njia moja, iandikwe kwenye itifaki, na vituo vyote vifundishwe kwa mgonjwa yuleyule wa mfano.

Koili nayo inapata moto. Mapigo 3000 mfululizo yanaweza kuifikisha kwenye kikomo cha joto na mashine ikajizima kikao kikiwa katikati. Kama mfumo wa kupoza ni wa hewa, safisha kichujio cha vumbi, na usipange wagonjwa wakifuatana bila nafasi. Kikao kilichokatika kiandikwe idadi ya mapigo yaliyotoka kweli. Usiandike "kimekamilika" kwa sababu mgonjwa alifika.

---

Mwanafunzi_Uzamili

Naomba kuuliza wakuu. Kizingiti kinapimwa kwenye eneo la misuli, lakini tiba ya sonona inatolewa mbele, upande wa kushoto wa paji. Kwa nini tuamini kipimo cha eneo moja kitafaa kwa jingine?

---

KizingitiSahihi

Swali zuri sana, na jibu la kweli ni kwamba kinafaa kwa kukadiria tu. Tunakitumia kwa sababu eneo la misuli ndilo pekee linalotoa jibu la papo kwa papo bila vifaa vya ghali. Tatizo ni umbali. Kila milimita inayoongezeka kati ya koili na gamba inahitaji karibu asilimia 3 zaidi ya nguvu ya mashine. Kwa mzee ambaye ubongo wa mbele umesinyaa, gamba la mbele liko mbali kuliko lile la misuli, kwa hiyo asilimia 120 yake inaweza kufika mbele ikiwa chini ya 100. Kama kuna picha ya MRI, pima umbali sehemu zote mbili na urekebishe. Kama hakuna, andika umri wa mgonjwa na uutumie kwenye uchambuzi. Kwa maoni yangu hii ni sababu mojawapo kubwa ya wazee kuonekana hawapati nafuu kwenye tafiti za zamani zilizotumia dozi ndogo.

---

DaktariWaNeva

Nimesoma kwa makini. Sijaona bado suala la mahali pa kuweka koili, na hapo ndipo pana uzembe mwingi.

Njia ya zamani ilikuwa kupima sentimita 5 mbele ya eneo la misuli. Vichwa havilingani, na kwa watu wengi sentimita 5 zinaangukia kwenye eneo la kupanga mijongeo ya mwili, nyuma ya lengo. Baadaye watu wakaenda 5.5 na 6, lakini kasoro ni ileile. Njia ya gharama nafuu na yenye akili zaidi ni kutafuta nukta ya F3 (mbele kushoto) ya mfumo wa EEG, yaani ramani ya kichwa inayotumika kupima umeme wa ubongo, kwa vipimo vitatu: kutoka shina la pua hadi kifundo cha kisogo, kutoka sikio hadi sikio kupitia utosini, na mzunguko wa kichwa. Vinaingizwa kwenye programu ndogo ya kukokotoa, nayo inakupa umbali wa kupima kutoka utosini na kutoka katikati ya paji. Dakika 5 zinatosha. Tumia utepe laini usiovutika, pima mara mbili, na vipimo vikitofautiana zaidi ya nusu sentimita rudia mara ya tatu.

Juu ya hiyo kuna mwongozo wa picha za MRI, ambapo kamera inafuatilia koili na kichwa kwa wakati mmoja. Inapendeza, na inasaidia koili isihame katikati ya kikao. Lakini tusiipe sifa isiyo yake. Jaribio la Uingereza liitwalo BRIGhTMIND, lililochapishwa 2024, lilikuwa na wagonjwa 255. Kundi moja lilielekezwa kwa picha za utendaji wa ubongo mmojammoja, jingine kwa picha ya kawaida ya MRI. Yote mawili yalipata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana.

---

Nasibu81

Dokta, hapo kwenye "yote mawili yalipata nafuu" ndipo ninapoingilia. Makundi mawili yakipewa tiba halisi na yote yakapata nafuu, hatujui ni kiasi gani cha nafuu hiyo ni cha sumaku na kiasi gani ni cha kutoka nyumbani kila siku, kusalimiwa, kusikilizwa na kutarajia.

THREE-D ya Canada, 2018, ni mfano mwingine. Wagonjwa 414. Mapigo ya mkupuo mfupi ya dakika 3 yalilinganishwa na yale ya kawaida ya Hz 10 (mapigo 10 kwa sekunde) yanayochukua dakika 37.5. Walioitika walikuwa asilimia 49 dhidi ya 47, waliopona dalili asilimia 32 dhidi ya 27. Utafiti safi, umebadilisha kazi duniani kote. Lakini haukuwa na kundi la tiba bandia, kwa hiyo unatuambia kwamba njia fupi haizidiwi na ndefu. Hautuambii zaidi ya hapo, na haukudai.

Sasa tazama jaribio la maveterani wa Marekani la 2018. Wagonjwa 164. Waliopona kwa koili halisi ni karibu asilimia 41, kwa koili bandia asilimia 37. Linganisha na jaribio la 2010 la wagonjwa 190: asilimia 14 dhidi ya 5. Angalieni kilichohama. Kundi la bandia limetoka 5 hadi 37! Anayepanga utafiti leo akikadiria idadi ya washiriki kwa namba za 2010 atakuwa na sampuli ndogo mno, na matokeo yatatoka "hakuna tofauti" hata kama tofauti ipo.

---

Mwanafunzi_Uzamili

Koili bandia inafanyaje kazi lakini? Mgonjwa si atajua tu? Mapigo yanasikika na ngozi inagongwa.

---

Fundi_Koili

Zamani waliinua koili ile halisi ikasimama nyuzi 90 juu ya kichwa. Njia mbaya kwa pande zote: uga kiasi bado unaingia, na mgonjwa aliyewahi kupata tiba anatambua mara moja kwamba kishindo cha kichwani hakipo.

Koili bandia za sasa zina ngao ya chuma ndani. Mlio ni uleule, uzito uleule, sura ileile. Elektrodi mbili ndogo zinabandikwa kwenye paji chini ya koili na kutoa umeme hafifu wa ngozi unaolandana na kila pigo, ili misuli ya paji irukeruke kama kwenye tiba halisi. Wagonjwa WOTE wanabandikwa elektrodi hizo, hata wa kundi halisi. Mashine inafunguliwa kwa namba ya siri au kadi ya mgonjwa, na anayeshika koili hajui ni upande gani unafanya kazi.

Zinapoharibika: elektrodi zikikauka, mchomo unakuwa mkali kuliko wa koili halisi, na mgonjwa wa bandia anaanza kulalamika maumivu kuliko wengine. Badilisha jeli kila kikao. Na angalia waya zisipite chini ya bawa la koili.

---

Nasibu81

Nyongeza mbili kwa Fundi.

Anayepima dalili kwa HAM-D au MADRS (madodoso ya ukali wa sonona) asiwe mtu anayetoa tiba, asikae chumba hicho, na mgonjwa aambiwe kabla ya mahojiano asimtajie kama kichwa kiliuma au paji lilirukaruka. Maneno mawili tu ya mgonjwa yanatosha kufumbua macho ya mpimaji.

Pili, ukitaka kujua kama siri imetunzwa, waulize wagonjwa wanadhani wako kundi gani mwishoni mwa WIKI YA KWANZA. Ukiuliza mwisho wa jaribio, aliyepata nafuu atasema "halisi" kwa sababu amepata nafuu, na hutajua kama siri ilivuja au tiba ilifanya kazi. Waulize pia wanaoshika koili.

---

DaktariWaNeva

Naomba tuhamie usalama kidogo, maana uzi huu utasomwa na watu wanaoanza.

Degedege ndiyo hofu kubwa, na ni nadra: chini ya mgonjwa 1 kati ya 1000. Unadra huo lakini unatokana na kuchuja watu. Kabla ya kila kozi uliza: historia ya kifafa, jeraha la kichwa lililopotezesha fahamu, kiharusi, pombe na lini ameiacha, usingizi wa jana. Dawa za kuangaliwa ni bupropion, clozapine, tramadol na zile za zamani za sonona za kundi la amitriptyline. Si kwamba zinamzuia mgonjwa moja kwa moja. Kinachotakiwa ni dozi isibadilike katikati ya kozi, na ikibadilika kizingiti kipimwe upya siku hiyohiyo. Anayeacha ghafla diazepam au dawa nyingine za kundi hilo ni hatari kuliko anayeendelea kuzimeza.

Kuhusu chuma: vipande vya chuma kichwani, klipu za mishipa ya ubongo zinazovutwa na sumaku, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, elektrodi zilizopandikizwa kwenye ubongo. Hao hawaingii. Kidhibiti mapigo ya moyo kinahitaji uamuzi wa daktari wa moyo na kisikaribiwe na koili chini ya sentimita 30. Meno yaliyozibwa hayana shida. Hereni na vibanio vya nywele vitoke.

Masikio! Mlio wa koili ni mkali. Vizibo vinavyopunguza angalau desibeli 30, kwa mgonjwa na kwa mhudumu, kila kikao. Kizibo kikitoka, simamisha.

Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kuzimia, hasa kikao cha kwanza, kwa aliyekuja na njaa na woga. Anapauka, anatoka jasho, anaweza kutikisika sekunde chache, na wahudumu wapya huandika "degedege". Mlaze, inua miguu, pima shinikizo la damu; anarejea ndani ya nusu dakika akiwa na akili timamu. Degedege yenyewe huacha mtu amechanganyikiwa kwa muda. Ikitokea: ondoa koili, mlaze ubavu, angalia saa, usimtie kitu mdomoni. Ikipita dakika 5 ni dharura na dawa ya kuikata itolewe, kwa hiyo dawa hiyo iwe chumbani kabla hujawasha mashine.

---

Mwanafunzi_Uzamili

Ahsante dokta. Itifaki zenyewe zikoje kwa namba? Nakutana na hesabu tofauti kila makala.

---

KizingitiSahihi

Ya Hz 10: mapigo kwa sekunde 4, mapumziko sekunde 26. Kila mkupuo mapigo 40, mikupuo 75, jumla 3000, dakika 37.5. Nguvu asilimia 120 ya kizingiti. Siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6.

Ya mkupuo mfupi: mapigo 3 kwa kasi ya Hz 50, kundi hilo linarudiwa mara 5 kwa sekunde, sekunde 2 kazi na 8 mapumziko. Kila mkupuo mapigo 30, mikupuo 20, jumla 600, dakika 3 na ushei.

Kuna ya upande wa kulia kwa Hz 1, mapigo ya taratibu, inayovumilika zaidi kwa wanaoumwa paji na ambayo wengi huichagua palipo na wasiwasi wa degedege.

Na ile ya Stanford ya siku 5: vikao 10 kwa siku, mapigo 1800 kila kikao, vikao vikianza kwa kupishana saa 1, jumla mapigo 90,000. Nguvu ni asilimia 90 ya kizingiti, ikirekebishwa kwa kina cha gamba. Iliruhusiwa Marekani 2022. Jaribio lake lenye koili bandia lilisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa, lakini lilikuwa na washiriki 29 tu. Naitazama kwa matumaini makubwa, na bado nataka kuona majaribio makubwa yakiirudia mikononi mwa wengine.

Wiki ya kwanza mgonjwa asiyevumilia aanze asilimia 80 apande taratibu. Itifaki iseme siku gani lazima awe amefika 120. Na iseme mapema utafanyaje pale kizingiti kinapokuwa asilimia 85 ya mashine, maana 120 ya hapo ni 102 na mashine haina. Utaratibu wa kweli ni kutoa 100 na kuandika kwamba alipata asilimia 117 na kidogo ya kizingiti chake. Kuna jedwali nyingi zilizochapishwa zikionesha kila mtu kapewa 120. Hilo haliwezekani kwa kundi kubwa.

---

Nasibu81

Hili la mwisho lisisitizwe. Dozi iliyopangwa na dozi iliyotolewa ni safu mbili tofauti kwenye faili la data. Kizingiti cha kila wiki, nguvu ya kila kikao, mapigo yaliyotoka, saa, nani kashika koili. Bila hayo, jaribio likishindwa hutajua kama ni tiba iliyoshindwa au utekelezaji.

---

MpendaUmemeMdogo

Na ile ya umeme mdogo, tDCS? Vifaa vyake ni rahisi na watu wanaanza kujitengenezea wenyewe.

---

Fundi_Koili

Wasijitengenezee. Sakiti yenyewe si ngumu. Kinachounguza watu ni sifongo.

Utafiti wa kawaida: miliampea 2, dakika 20 hadi 30, sifongo za sentimita 5 kwa 7, chanya juu ya F3, hasi juu ya F4 (nukta kama F3, ila upande wa kulia) au paji la kulia. Sifongo inaloweshwa kwa maji ya chumvi, mililita 6 hivi kila upande, iwe na unyevu lakini isichuruzike. Ikichuruzika, maji yanaunganisha elektrodi mbili na umeme unapita juu ya ngozi badala ya kuingia. Ikikauka, umeme unakusanyika kwenye kingo na sehemu chache zenye unyevu, na hapo ndipo malengelenge yanapotoka. Maji ya bomba yana chumvi kidogo mno na yanaongeza hatari hiyo. Usisugue ngozi, usiweke juu ya kidonda, tenganisha nywele. Umeme upande polepole kwa sekunde 30 na ushuke hivyohivyo. Ukinzani ukipanda ghafla katikati, simamisha uongeze maji, usiongeze voltiji.

---

DaktariWaNeva

Na ushahidi wake ni dhaifu kuliko wa TMS. Jaribio la Brazil la 2017, wagonjwa 245, lilishindwa kuonesha kwamba tDCS haizidiwi na escitalopram, dawa ya sonona. La Ujerumani la 2023, lililoiongeza juu ya dawa, halikupata ubora wowote juu ya tiba bandia. Wapo waliopata matokeo mazuri kwa matumizi ya nyumbani yanayosimamiwa kwa video, na hao wanastahili kurudiwa kwa uangalifu.

---

Nasibu81

Pia kutunza siri kwa tDCS ni kugumu kuliko inavyodhaniwa. Bandia yake ni kupandisha umeme sekunde 30 kisha kuuzima kimyakimya. Lakini miliampea 2 halisi inaacha wekundu chini ya sifongo. Mhudumu akivua sifongo anajua. Anayevua asiwe anayepima, na paji lifunikwe kwa kitambaa hadi mgonjwa atoke chumbani.

---

Mwanafunzi_Uzamili

Swali la mwisho wakuu. Mgonjwa akikosa vikao viwili au vitatu, anatolewa kwenye uchambuzi?

---

Nasibu81

Hapana. Aliyepangiwa kundi kwa kura anachambuliwa kwenye kundi lake, hata akipata kikao kimoja. Ukiwatoa waliokosa, mara nyingi unawatoa walioumia au waliokata tamaa, na kundi halisi linabaki na wenye bahati. Vikao vilivyokosekana vifidiwe mwishoni mwa kozi ndani ya muda uliotajwa kwenye itifaki, na dalili zipimwe tarehe ileile iliyopangwa, amemaliza vikao au hajamaliza. Uchambuzi wa waliokamilisha vikao vyote unaruhusiwa, lakini uwe wa pili, na uwe umesajiliwa kabla mgonjwa wa kwanza hajaandikishwa.

---

KizingitiSahihi

Na akirudi baada ya kukosa, muulize kwanza kwa nini alikosa. Kama aliumwa, hakulala, au alibadilishiwa dawa, kizingiti kinapimwa upya kabla ya pigo lolote.